Tusimtetee Mungu kwa Uongo

Masomo: Ayubu 13:7–9; Yohana 1:6–8; 1 Wathesalonike 5:19–21



Leo hatukuja na somo la kuwapendeza. Tumekuja na ungamo. Sisi wachungaji tumezoea kuwaambia washirika waungame. Leo ni zamu yetu. Na kwa kuwa tulikosea mbele ya kipaza sauti, haifai tuungame chumbani peke yetu.

Mnaikumbuka ile foto. Wengi wenu mliipokea katika simu zenu. Inaonyesha ziwa letu la Kivu alfajiri, na milima ya Rwanda ng'ambo imesimama kama ukuta mweusi. Juu ya milima kuna nuru moja kubwa yenye miali. Na majini, chini ya nuru ile, kuna mstari mrefu unaong'aa. Unaanza ng'ambo, unapita katikati ya ziwa, unafika mpaka pwani yetu, palepale penye kiwanja tunachotaka kujengea nyumba ya ibada.

Foto hiyo ilipigwa na kijana wetu mmoja wa korali. Kazi yake ni kupiga foto za arusi na za ubatizo. Tulikuwa tumemaliza mkesha, watu wamekaa wakingoja kupambazuke waende zao, naye akashuka ziwani na kamera yake. Asubuhi ile alitutumia foto bila neno lolote, ila "Papa Mchungaji, tazama uzuri wa Bwana."

Angalieni vizuri, wapendwa. Kijana alisema uzuri. Neno nguzo tuliliongeza sisi.

Jumapili iliyofuata tulisimama madhabahuni, tukainua simu juu, tukasoma Kutoka 13, habari ya Israeli kuongozwa usiku kwa nguzo ya moto. Tukasema kwamba Bwana aliyewaonyesha Israeli njia jangwani ametuonyesha sisi kiwanja. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Siku ya Jumatano tukarudia maneno hayo hapa redioni. Kwa majuma matatu watu wakaleta vitu: mifuko ya simenti, mabati, misumari, pesa. Mama mmoja anayeuza sambaza sokoni alileta franka 60,000. Tulijua, na hili ndilo linalotuchoma hata leo, tulijua kwamba hiyo ilikuwa pesa yake ya kununulia samaki wa kesho. Tukaipokea, tukambariki, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kisha jioni moja ya Jumatatu yule kijana akaja nyumbani kwetu. Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Chai ikapoa mbele yake.

Akasema, "Papa Mchungaji, ile si nguzo. Ni nyota ya asubuhi. Na ule mstari ungemwendea mtu yeyote aliyesimama pwani."

Tukamwuliza, "Mwanangu, mbona hukusema tangu siku ya kwanza?"

Akajibu, "Mlikuwa mmekwisha kusema kwa jina la Bwana. Mimi ni nani nimpinge mchungaji?"

Jibu hilo lilitukosesha usingizi kuliko habari ya nyota. Kwa majuma matatu kijana aliyeijua kweli aliimba korali mbele yetu, akatusikia tukisema yasiyo kweli, akanyamaza kwa sababu ya heshima. Tulikuwa tumelea kanisa ambalo ndani yake heshima kwa mchungaji ni kubwa kuliko kweli. Hiyo si heshima inayompendeza Mungu.

Tukamwambia, "Tupeleke ziwani, tuone wenyewe." Tukashuka alfajiri ya Alhamisi, saa kumi ikiwa imepita kidogo. Kulikuwa na baridi, na upepo mdogo ulikuwa ukishuka kutoka milimani. Nyota ilikuwa imekwisha kutoka juu ya milima ya ng'ambo, inang'aa kuliko zote. Na mstari ulikuwepo! Haukuwa mkali kama katika foto, lakini ulikuwepo, umenyoka juu ya maji mpaka miguuni petu. Tunakiri kwamba moyo wetu ulishtuka tena.

Kijana akasema, "Papa Mchungaji, tembea hatua 50 upande ule."

Tukatembea. Mstari ukatembea nasi. Tulipokwenda ulikwenda, tuliposimama ulisimama. Tukamwita yeye aliyebaki nyuma: "Unauona wapi?" Akajibu, "Uko hapa miguuni pangu." Nasi tulikuwa tukiuona miguuni petu. Watu wawili, ziwa moja, nyota moja, na kila mtu ana nguzo yake! Karibu nasi kulikuwa na mtu mmoja aliyekunywa pombe usiku kucha, amelala kando ya mtumbwi. Kama angefumbua macho saa ile, angeuona mstari umemjia yeye.

Mambo haya ni rahisi kuyaelewa. Maji yakitulia kabisa ni kioo kimoja kikubwa, nawe utaona ndani yake nukta moja ya nuru, sawa na ile ya juu. Upepo ukipuliza, maji yanakuwa vioo vidogo visivyohesabika, kila kiwimbi kimeinama kivyake. Viwimbi vilivyoinama vizuri kukuelekea ndivyo vinavyokuletea nuru, na hivyo vimepangana katika mstari kati yako na ile nyota. Vingine vinampelekea jirani yako nuru yake. Hakuna kiwanja kilichochaguliwa. Ukiweka kamera kwenye kiwanja cha jirani zetu wa dhehebu lingine, mstari utafika kwao.

Tukauliza juu ya ule ukali wa nuru katika foto. Kijana akatuonyesha. Kamera aliiweka juu ya miguu yake mitatu isitikisike, akaiacha wazi sekunde 8. Jicho letu haliwezi kukusanya nuru ya sekunde 8 na kuiweka pamoja; kamera inaweza. Kwa hiyo kilicho hafifu kwa jicho kinakuwa kikali katika foto. Na ile miali ambayo wengine wenu mliiona kuwa msalaba, inatokana na vibati vidogo vilivyo ndani ya lensi, vinavyofungua na kufunga tundu la nuru. Ukipiga foto ya taa ya barabarani kwa namna ileile, itatoa miali vilevile. Kijana hakudanganya, na kamera haikudanganya. Uongo uliingia pale tulipoitafsiri foto bila kumwuliza aliyeipiga.

Tulipokuwa bado tunaongea, upepo ukatulia. Ule mstari ukaanza kufupika, ukafupika, mpaka ikabaki nyota moja juu na nyota moja majini. Kijana akafungua kamera akatuonyesha foto ya pili. "Hii niliipiga asubuhi ileile, kabla ya upepo. Sikuituma, kwa sababu haina cha kushangaza." Tukaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa na nuru moja juu na nuru moja chini, na maji meusi katikati. Kwetu sisi ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza.

Wavuvi wa sambaza nao wakawa wanarudi, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti, taa zimezimwa. Tukamwuliza mzee mmoja kama anaijua nuru ile. Akacheka. "Hiyo? Ikitoka, tunajua usiku unaisha. Miezi mingine haiko asubuhi, utaitafuta jioni, upande wa Kahuzi." Yule mzee hakusoma Chuo cha Biblia, lakini kama tungemwuliza yeye kabla ya kupanda madhabahuni, tungeokoka na aibu.

Na alisema kweli. Nyota hii kwa hakika si nyota, ni sayari kama dunia yetu. Kwa Kiswahili inaitwa Zuhura, na waliosoma kwa Kifaransa wanaijua kwa jina Vénus. Kwa miezi nane au tisa hivi inaonekana alfajiri upande wa mashariki kabla ya jua kutoka. Kisha inapotea, halafu inaonekana jioni upande wa magharibi baada ya jua kuzama. Ni moja ileile. Baada ya jua na mwezi, hakuna sayari wala nyota inayong'aa kama hiyo angani.

Lakini sikilizeni neno hili, watu wa Mungu: nuru ile si yake. Zuhura haiwaki. Iko mbali na jua zaidi ya kilomita milioni 100, imefunikwa na mawingu mazito, na mawingu hayo yanarudisha karibu robo tatu ya nuru ya jua inayoyafikia. Mwaka 1610 Galileo aliitazama kwa darubini akaona inakua na kupungua kama mwezi. Yaani upande unaotazama jua ndio wenye nuru, upande mwingine ni giza. Basi pale pwani tulikuwa tukitazama nini? Jua, ambalo lilikuwa bado halijatoka, lilitoa nuru. Sayari ikaipokea, ikairudisha. Ziwa nalo likaipokea, likairudisha. Sayari haikuongeza kitu, wala ziwa halikuongeza kitu. Kazi ya viwili hivi ilikuwa kupokea na kurudisha.

Sasa tufungue Biblia. Yohana 1:6–8 inatueleza habari za Yohana Mbatizaji. Alitumwa na Mungu, alikuja kuishuhudia nuru, na Maandiko yanaharakisha kusema kwamba yeye mwenyewe hakuwa ile nuru. Huyu ni mtu ambaye Yesu mwenyewe alimsifu kuliko wengi. Hata hivyo, kazi yake ilikuwa kupokea na kurudisha. Walipomwuliza kama yeye ndiye Kristo, alikataa waziwazi. Angeweza kuongeza kidogo tu. Makutano yalikuwa tayari kuamini. Hakuongeza.

Ayubu 13:7 ni neno gumu zaidi kwetu sisi wahubiri. Ayubu anawauliza rafiki zake kama wao watamtetea Mungu kwa maneno yasiyo haki, kama watasema hila kwa ajili yake. Rafiki zake walikuwa watu wa dini. Walitaka Mungu aonekane vizuri. Na mwisho wa kitabu, Mungu aliwakasirikia wao, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake. Wapendwa, inawezekana kumtetea Mungu na kumkasirisha kwa tendo lilelile.

Sisi tulitaka nyumba ya ibada. Ni shauri jema. Tulitaka watu watoe kwa moyo. Ni jema pia. Lakini tuliona kwamba neno peke yake halitoshi kufungua mikono, tukamwongezea Mungu ishara ambayo hakuitoa. Kama ziwa likisema, "Nuru hii nimeiwasha mimi, na nimeielekeza kwa nimpendaye," litakuwa limedanganya mara mbili. Ndivyo tulivyofanya.

Tunajua kuna wanaosikia haya na kusema, "Mchungaji amepoa, haamini ishara tena." Hapana! Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini kwamba Mungu anaponya, anasema kwa ndoto, anaongoza watu wake, na akitaka nguzo ya moto leo anaweza. Lakini Paulo anatuagiza katika 1 Wathesalonike 5 mambo matatu pamoja: tusimzimishe Roho, tusidharau unabii, na tujaribu mambo yote tukashike lililo jema. Sisi tulishika mawili ya kwanza, la tatu tukaliacha. Mtu anayeijua dhahabu haogopi kuipeleka kwa sonara. Anayeogopa ni mwenye shaba.

Jambo hili si dogo katika nchi yetu. Mnajua tunavyoishi. Hapa kwetu ujumbe mmoja wa simu unaweza kuhamisha kijiji kizima usiku, na wazee na watoto wakalala barabarani kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwepo. Foto yetu ilipofika mtaa mwingine, mtu aliituma pamoja na maneno kwamba gesi ya ziwa imeanza kuwaka. Ni kweli kwamba chini kabisa ya Kivu, ambalo kina chake kinafika karibu mita 480, kuna gesi nyingi iliyoyeyuka ndani ya maji na kushikwa pale na uzito wa maji yaliyo juu yake. Na tunakumbuka mwezi wa Tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wengi wa Goma wakaamriwa kuhama. Hofu ya ziwa haikuwa mchezo. Ndiyo maana mama mmoja wa mtaa ule, alipoona foto na maneno yale, alifunga mizigo na kuwaamsha watoto wake saa sita ya usiku. Hofu yake ilikuwa na sababu. Habari aliyopewa haikuwa na ukweli. Maneno yale ya gesi hatukuyaandika sisi, lakini njia tuliifungua sisi.

Tulifanya nini basi? Tuliwaita wazee wa kanisa, tukawaeleza. Mmoja akasema tunyamaze, watu watasahau. Mwingine akasema tumalize ukuta kwanza, halafu tuungame. Tukaomba pamoja siku mbili. Kisha Jumapili tukasimama palepale tulipoinuliwa simu, tukasema: "Tulikosea. Ilikuwa nyota ya asubuhi. Yeyote aliyetoa kwa sababu ya foto, aje achukue kitu chake." Tukamwita kijana mbele ya kanisa, tukamwomba msamaha kwa kumfanya aogope. Yule mama wa sambaza akaja siku ya Jumanne. Akahesabu noti zake, akazifunga kwenye kitenge, akasema, "Asante, Papa Mchungaji," akaenda sokoni. Hajaleta tena mchango wa jengo, nasi hatujamwuliza. Maombi anakuja.

Wengine walituacha. Tumesikia wamekwenda mahali ambapo ishara ni nyingi kila juma. Kiwanja bado ni nyasi, na mifuko ya simenti iliyobaki imehifadhiwa. Hatuwaambii haya ili tusifiwe. Zakayo alirudisha mara nne. Sisi tumerudisha mara moja tu, tena baada ya kuambiwa.

Sasa tunawaomba ninyi. Ukipokea foto au habari katika simu, kabla ya kuituma uliza maswali matatu. Ni nani aliyeona kwa macho yake? Ni kipi alichokiona, na ni kipi kilichoongezwa baadaye? Na je, yupo anayepata pesa au utukufu nikiamini? Usipopata jibu, iache ilale. Ukimya wako hautamdhuru Mungu.

Ninyi vijana, mkijua kweli ambayo mchungaji haijui, njoni. Njoni kwa adabu, njoni jioni mkitaka, lakini njoni kabla ya juma la tatu. Nasi wachungaji wenzangu, tuwe na mlango ambao kijana anaweza kuubisha bila kutetemeka.

Na ukiamka alfajiri katika miezi ambayo nyota ile iko mashariki, shuka ziwani uitazame. Hutahitaji kuipa maana isiyo yake. Zaburi 19 inasema mbingu zinatangaza utukufu wa Mungu. Nyota ile inahubiri vya kutosha kwa kuwa nyota. Tena Bwana wetu mwenyewe, katika Ufunuo 22:16, alikubali kujilinganisha na nyota ya asubuhi. Wavuvi wetu wanaelewa kwa nini: ikionekana, usiku unaisha.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, utusamehe sisi tuliosema kwa jina lako neno ambalo hukututuma. Uwaponye waliotoa kwa kudanganywa na waliokimbia kwa hofu. Utulize upepo ndani yetu, ili nuru ya Mwanao ionekane kwetu kama ilivyo, bila kurefushwa wala kupunguzwa. Uwape watoto wetu ujasiri wa kusema, nasi utupe masikio. Na nyumba yako, Bwana, uijenge kwa kweli, hata kama itachelewa. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.